Msikiti wa Shanga na Somo la Kibla

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Kuelekea kibla ni sharti katika masharti ya kusihi Sala, na hilo halifichikani kwa Mwislamu, mkubwa wala mdogo. Lakini jambo lijulikanalo na wote mara nyingine ndilo liletalo ugomvi mkubwa. Hutokea mtu akaja na dira, akaiweka mbele ya mihirabu waliyoisalia wazee tangu zamani, akasema: "Msikiti huu umepotoka." Hapo watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema kuwa wazee hawakosi. Na la pili husema kuwa Sala za wazee wote zimekwenda bure. Mwisho wake huwa misikiti miwili katika mtaa mmoja, na salamu hukatika baina ya ndugu. Basi yafaa itazamwe khabari ya msikiti mmoja mkongwe wa pwani hii, kwani ndani yake mna jawabu kwa mafungu yote mawili.

KHABARI YA SHANGA

Shanga ni gofu la mji katika kisiwa cha Pate, karibu na Siyu. Katika karne za mwanzo za Uislamu mji huo ulikuwa kituo katika njia ya bahari itokayo Ghuba ya Uajemi na Omani hata nchi ya Zanji, kama walivyoiita Waarabu. Vyombo vilishuka kwa kaskazi, vikarejea kwa kusi. Njia hiyo ndiyo aliyoipita Al-Masudi, mwanachuoni wa Baghdad, aliyerejea Omani kutoka kisiwa cha Qanbalu mwaka 304 Hijria, naye akaandika kuwa kisiwani humo walikuwamo Waislamu.

Lakini Shanga ulikwisha kuwa na msikiti kabla ya safari ya Al-Masudi kwa zaidi ya miaka 100. Kuanzia mwaka 1980 Miladi, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton waliifukua ardhi ya mji huo. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe wakakuta alama za misikiti mingine, mmoja umekaa juu ya mwenzake, kama kurasa za kitabu. Wa chini kabisa ulikadiriwa kuwa wa yapata mwaka 780 Miladi, yaani miaka 150 hivi baada ya kufa kwake Mtume (S.A.W.). Haukuwa wa mawe wala wa chokaa. Ulikuwa wa miti, nao ulikuwa mdogo, wa kutosha watu wachache tu. Kilichobakia ni mashimo ya nguzo zake katika ardhi. Katika mji huo zilionekana pia sarafu ndogo ndogo za fedha, zimeandikwa kwa Kiarabu majina ya Kiislamu, kama Muhammad na Abdallah.

Na hapa ndipo penye somo. Misikiti ile ya kwanza haikuelekea Makka sawasawa. Iliyojengwa baadaye ilisogezwa ikawa karibu zaidi na kibla.

Asistaajabu mtu. Shanga iko kusini ya khati ya istiwai, na huko ncha ya kaskazini ya mbingu iko chini ya upeo wa macho. Hapakuwa na nyota moja isimamayo juu ya kibla usiku kucha. Dira ya sumaku haikuwa imefika bado katika bahari hii. Walikuwa na jua, pepo na maneno ya wasafiri. Wakajitahidi kwa hayo, wakakita nguzo zao, wakasali. Waliokuja nyuma yao wakapata elimu zaidi, wakaigeuza nyumba ya Mungu mahali pale pale. Wale wa nyuma hawakuhama kwa kuwadharau wa kwanza, wala hawakushikilia kosa kwa kuwatukuza. Msikiti uliendelea katikati ya mji, kizazi baada ya kizazi, hata ukawa wa mawe; na mji ulipohamwa katika karne ya 15 Miladi, kuta za msikiti zilibaki zimesimama.

MFANO WA WATU WA KUBAA

Jambo hili lina asili katika zama za Mtume mwenyewe. Kubaa ni mahali aliposhukia Mtume (S.A.W.) katika njia ya Hijra kabla ya kuingia Madina, na hapo ukajengwa msikiti. Mwaka wa 2 Hijria kibla kilipogeuzwa kutoka Baitul-Maqdis kuelekea Al-Kaaba, watu wa Kubaa walikuwa katika Sala ya Alfajiri, hawana khabari. Akawajia mtu akawaeleza, nao wakageuka wakiwa ndani ya Sala. Hawakungoja wamalize, wala hawakuianza upya. Na kwa waliokwisha kufa wakisali kuelekea kibla cha kwanza, Mwenyezi Mungu alibainisha katika Sura ya al-Baqara, aya ya 143, kwamba Yeye si wa kuipoteza imani yao. Na wafasiri wamesema kuwa makusudio ya imani hapo ni Sala zao.

MASALA MATATU

La kwanza: Asiyeweza kukiona kibla wala hana mtu mwaminifu wa kumpa khabari kwa ujuzi, hujitahidi kwa dalili anazozijua. Jitihada yake ikibadilika baadaye, hufuata ya pili katika Sala zijazo, wala halipi alizozisali kwa ile ya kwanza. Ama akiyakinika kuwa amekosa, basi kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa hulipa, na katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa halipi. Masala haya huulizwa wanavyuoni, hayaamuliwi barazani.

La pili: Mihirabu ya Waislamu iliyosaliwa na watu wengi kwa muda mrefu ni dalili yenye nguvu. Haivunjwi kwa shaka ya mtu mmoja. Dira nayo hukosea: chuma kilicho karibu huivuta sindano yake.

La tatu: Likithibiti kosa kwa watu wenye ujuzi, hugeuzwa safu kwa khati na majamvi, na jengo likabaki. Msikiti si lazima uvunjwe ili Sala inyoke.

NJIA YA KUHAKIKISHA

Dini ilipopanda bara kwa njia za misafara itokayo Kilwa, Lindi na Mikindani, ikafika nchi za Masasi na Newala, ilifika kama ilivyofika Shanga: mwalimu, miti, udongo na makuti. Basi na wa bara wachukue somo lile lile. Mtu aliyeko Chiungutwa, Makka kwake iko karibu kaskazini sawa, ikipinda kidogo mno upande wa mashariki. Na aliyeko Shanga humpindia kidogo upande wa magharibi. Si ajabu kuwa wazee wa pwani hata upande wa kaskazini waliuita kibla.

Na atakaye yakini pasipo dira, yako mambo ya mbinguni. Kila mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba mara mbili: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27 mchana, na saa ya Makka ni sawa na saa ya Afrika Mashariki. Isimamishwe fimbo iliyonyoka mahali palipo sawa, kisha kitazamwe kivuli chake. Mwenye kukipa mgongo kivuli hicho na kulielekea jua, amekielekea kibla. Yafaa jambo hili lifanywe na wazee na vijana pamoja, mbele ya msikiti, ili asiwepo mshindi wala mshindwa.

Waliokita nguzo za kwanza Shanga hawakuacha majina yao, na nguzo zao zimeoza zamani. Kilichosalia ni mashimo, nayo yashuhudia kuwa walimtafuta Mola wao kwa kadiri ya elimu waliyokuwa nayo. Aliyepewa elimu zaidi yao, na ainyoshe safu, kisha awaombee rehema.

Wallahu aalam. Wabillahi t-tawfiq.