Kufundisha Nchi ya Mbali kwa Kuanzia Karibu: Mfano wa Brazili katika Shule za Kunduchi

Mwalimu mwanachuo anayepangiwa kufundisha habari za nchi ya ng'ambo aghalabu huandika ubaoni jina la nchi, mji mkuu, mito, mazao na idadi ya watu, kisha watoto hunakili. Wiki moja baadaye huwauliza maswali, nao hujibu sawasawa. Baada ya mwezi majibu yamesahauliwa. Kilichobaki vichwani mwao kuhusu Brazili ni mpira wa miguu, jambo ambalo walilijua kabla mwalimu hajaingia darasani.

Kila mwanachuo amekwisha kuandika katika andalio la somo kwamba mafundisho hutoka kwenye kinachojulikana na kwenda kwenye kisichojulikana. Ni wachache wanaolitimiza jambo hilo mbele ya watoto. Makala haya yanaonyesha jinsi ya kulitimiza kwa vipindi vinne vya dakika 40, katika darasa la sita, mahali kama Kunduchi, penye bahari, wavuvi, mikorosho na magofu ya kale. Mwalimu wa mahali pengine atabadili mifano, lakini mwendo utakuwa ule ule.

Kipindi cha kwanza: Mstari mmoja wa ramani

Zana ni tufe au ramani ya dunia, na uzi. Kunduchi ipo karibu na nyuzi 6 na dakika 40 kusini ya Ikweta. Mtoto mmoja aweke kidole hapo, akisogeze kuelekea magharibi pasipo kupanda wala kushuka. Kidole kitapita karibu na Morogoro, kitavuka Ziwa Tanganyika, Kongo na kaskazini ya Angola, kisha kitaingia Bahari ya Atlantiki. Nchi kavu ya kwanza kitakayoigusa ng'ambo ya pili ni Brazili, baina ya miji ya Natal na João Pessoa.

Hapo mwalimu asiseme neno. Awaulize watoto wanatazamia nini katika mahali palipo sawa na kwao kwa umbali kutoka Ikweta. Watasema joto, minazi, samaki. Watakuwa wamesema kweli, nao watakuwa wamefikia jambo la kijiografia kwa akili zao wenyewe. Kisha waangalie pwani ya Natal imeelekea upande gani. Imeelekea mashariki, kama ya kwetu. Basi mtoto wa Natal naye huliona jua likichomoza baharini. Tofauti ni saa: saa sita mchana ya Kunduchi ni saa kumi na mbili asubuhi ya Natal.

Wavuvi wa pwani hiyo wana chombo kiitwacho jangada, ambacho asili yake ni chelezo cha magogo mepesi yaliyofungwa pamoja, chenye tanga la pembe tatu. Mtoto wa mvuvi wa Kunduchi aulizwe kukilinganisha na ngalawa. Ataeleza kazi ya matengo kuliko mwalimu awezavyo, na ni vema mwalimu amwachie nafasi hiyo.

Baada ya kufanana, zifuate tofauti. Brazili ina eneo la kilometa za mraba milioni 8.5 hivi, yaani takribani mara tisa ya Tanzania. Watoto wakate vipande tisa vya karatasi vilivyo sawa na kuvipanga. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha Brazili ina watu milioni 203, na Tanzania, mwaka huo huo, milioni 61.7. Ardhi ni mara tisa, watu ni mara tatu na kidogo. Wakigawanya wataona kwamba Brazili ina watu 24 hivi kwa kila kilometa ya mraba, na Tanzania ina 65 hivi. Kwa nini? Swali hilo ndilo litakalowapeleka kwenye msitu mkubwa wa bonde la Mto Amazon, wenye watu wachache, na kwenye miji ya karibu na pwani, yenye watu wengi. Mto ulioulizwa kwanza hukumbukwa kuliko mto ulioandikwa tu ubaoni.

Kipindi kifungwe kwa miji mikuu. Mwaka 1960 Brazili ilihamisha makao makuu yake kutoka Rio de Janeiro, mji wa pwani, na kuyapeleka Brasília, mji mpya uliojengwa bara. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuyahamishia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Miji yote miwili ipo juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Watoto watafute sababu za nchi kuutoa mji wake mkuu pwani.

Kipindi cha pili: Mkorosho na muhogo

Zana ni tawi la mkorosho, bibo ikiwa ni msimu wake, shina la muhogo na majani yake. Mwalimu ajihadhari: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo watoto wasilipasue.

Swali la kufungulia ni hili: mkorosho umetoka wapi? Wengi watajibu kwamba ni mti wetu wa asili. Mwalimu asiwacheke, kwa kuwa babu zao na babu wa babu zao waliukuta. Awaeleze kuwa asili ya mti huu ni Brazili, na kwamba Wareno waliuleta pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Ushahidi mmojawapo umo katika lugha. Baadhi ya watu wa pwani huuita mti huu mkanju. Wareno husema caju, na wao walilichukua neno hilo kwa Watupi, wenyeji wa pwani ya Brazili. Hata nanasi lina jina lenye asili ya Kitupi.

Karibu na Natal, mahali paitwapo Pirangi, pana mkorosho mmoja ulio maarufu duniani. Matawi yake huinama, hugusa ardhi, huota mizizi na kuendelea kutambaa, hata umefunika meta za mraba 8,500 hivi. Watoto watoke nje, wapime uwanja wa mpira, halafu waambiwe kuwa mti huo mmoja unaweza kuufunika uwanja mzima na kuzidi.

Muhogo nao ni zao la huko. Wenyeji wa Amerika ya Kusini waliulima maelfu ya miaka kabla ya Wareno kufika, na waligundua namna ya kuiondoa sumu iliyomo katika muhogo mchungu. Hilo ni jambo la kusisitizwa: waliougeuza mmea wenye sumu kuwa chakula cha mamilioni ya watu walikuwa ni watu wenye elimu yao. Katika jimbo la Pará hupikwa chakula kiitwacho maniçoba, cha majani ya muhogo yaliyosagwa na kuchemshwa kwa muda wa wiki nzima hivi. Watoto wakalinganishe na kisamvu cha nyumbani, na wawaulize mama zao kwa nini nacho huchemshwa sana.

Zao lililokwenda upande wa pili lisisahauliwe. Kahawa, ambayo asili yake ni Afrika, ilifika Brazili katika karne ya 18, na leo nchi hiyo huongoza duniani kwa kuizalisha. Kwa hiyo mtoto asifikiri kwamba sisi tulipokea tu.

Kipindi cha tatu: Merikebu za mwaka 1500

Mimea haikuvuka bahari yenyewe. Tarehe 9 Machi 1500, merikebu 13 za Wareno ziliondoka Lisbon kwenda Bara Hindi, zikiongozwa na Pedro Álvares Cabral. Zilikwenda mbali sana upande wa magharibi katika Atlantiki, na tarehe 22 Aprili zikaiona pwani ya Brazili. Moja ilirudishwa Ureno kupeleka habari, nyingine zilizama kwa dhoruba karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Mwezi Julai mwaka huo huo merikebu sita zilitia nanga Kilwa. Cabral alikutana na Sultani Ibrahim, lakini mapatano ya biashara hayakupatikana, akaendelea kwenda Malindi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi huligawa katika kurasa mbili zisizokutana. Msafara uliofika Brazili ndio huo huo uliofika Kilwa, na baina ya mahali hapo pawili ilipita miezi mitatu tu. Watoto wauchore kwa uzi juu ya ramani.

Mwalimu achunge neno moja. Asiseme Wareno "waligundua" Brazili, aseme walifika. Hakuna asemaye kwamba Cabral aligundua Kilwa, kwa kuwa Kilwa ilikuwa na msikiti mkubwa, sultani na biashara ya dhahabu. Watupi nao walikuwa na vijiji, mashamba na lugha yao. Nchi yenye watu haigunduliwi na mgeni.

Kisha liulizwe swali kubwa la kipindi: kwa nini Brazili husema Kireno hadi leo, na Kilwa haikisemi? Kilwa Wareno walitaka dhahabu na njia ya kwenda Bara Hindi. Mwaka 1505 waliupora mji na kujenga ngome, lakini waliiacha mwaka 1512. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa. Brazili walitaka ardhi ya kulima miwa, wakakaa hadi nchi hiyo ilipojitangazia uhuru tarehe 7 Septemba 1822. Wenyeji wengi walikufa kwa maradhi mageni na kwa vita.

Ikiwezekana, kipindi hiki kifuatiwe na matembezi kwenye magofu ya Kunduchi, kwa ruhusa ya wanaoyatunza. Humo mna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mtoto akiviona vyombo hivyo ataelewa kwamba bahari ilileta wageni wa namna nyingi, na si wote waliokuja na mizinga. Watoto watazame, wachore, wasiguse.

Kipindi cha nne: Watu waliovushwa bahari

Kipindi hiki kinahitaji utulivu. Mashamba ya Brazili yalilimwa na watumwa. Wataalamu wa historia hukadiria kuwa Waafrika wanaokaribia milioni tano walifikishwa huko katika muda wa miaka mia tatu. Wengi walitoka Angola na Afrika ya Magharibi. Katika karne ya 19 wengi walichukuliwa pia kutoka bandari za Msumbiji, kama Quelimane. Brazili iliufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika.

Mwalimu asiishie hapo, kana kwamba ubaya ulikuwa wa ng'ambo peke yake. Bagamoyo, kaskazini ya Kunduchi, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, miaka 34 baada ya ile ya Brazili. Mwalimu asimwulize mtoto yeyote asili ya ukoo wake mbele ya wenzake. Ukweli usemwe wote, lakini asiaibishwe mtu.

Aidha watumwa wasionyeshwe kuwa ni watu wa kuhurumiwa tu. Walikimbia na kuanzisha miji yao, iliyoitwa quilombo. Uliokuwa maarufu, Palmares, ulidumu karibu karne nzima. Kiongozi wake, Zumbi, aliuawa tarehe 20 Novemba 1695, na siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa. Neno quilombo ni la Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, kama yalivyo caçula, yaani kitinda mimba, na fubá, yaani unga wa mahindi.

Somo la utamaduni lifungwe kwa zoezi la maneno. Watoto waandike meza, bendera, mvinyo na leso. Mkabala wake mwalimu aandike mesa, bandeira, vinho na lenço, ambayo ndiyo maneno ya Kireno. Gereza limetoka igreja, yaani kanisa. Wajadili jinsi jina la nyumba ya ibada lilivyokuja kuwa jina la nyumba ya kifungo.

Kupima mafundisho

Mwalimu asipime kwa kuuliza mji mkuu tu. Kila mtoto amwandikie barua mtoto wa Natal, amweleze mambo matatu ambayo Kunduchi na Natal hufanana, mambo mawili ambayo hutofautiana, na swali moja ambalo angependa kujibiwa. Ili aandike barua hiyo, itambidi kwanza akajue mkorosho wa kwao una umri gani, baba yake huenda baharini saa ngapi, na magofu yamejengwa kwa mawe gani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Mwalimu anaposahihisha, aisome kwanza sehemu ya swali. Mtoto aliyenakili tu huuliza jambo ambalo jibu lake limo ubaoni. Mtoto aliyeelewa huuliza jambo ambalo mwalimu mwenyewe itambidi akalitafute, na maswali hayo ndiyo yatakayokuwa andalio la kipindi cha tano.