Mpira Uingizwe Kutoka Wapi?

Ukipuliza filimbi kwenye kiwanja cha mpira wa kikapu cha shule hapa Kilwa Masoko, mpira hausimami. Unabingirika hadi mchangani, na kijana atakayeuokota atataka kuuingiza kutoka palepale alipoudaka. Waamuzi chipukizi wengi humfuata. Ninaowafundisha nawaambia: mpira uache uende, macho yako yabaki pale kosa lilipotokea.

Kanuni za FIBA, ambazo ndizo tunazozifuata, zinataka mpira uingizwe kutoka mahali pa nje palipo karibu zaidi na kosa, isipokuwa moja kwa moja nyuma ya ubao. Faulo ikitokea mita tatu kutoka mstari wa pembeni na mita saba kutoka mstari wa mwisho, mpira ni wa pembeni. Ikitokea chini ya ringi, nenda mstari wa mwisho, lakini msogeze mchezaji hadi ubavuni mwa ubao, upande ulio karibu na kosa. Kwenye viwanja vyetu nyuma ya ubao kuna nguzo ya chuma; hata bila kanuni, pale hapana nafasi ya kurushia.

Kuna jambo moja linalowashangaza hata makocha. Mchezaji ametembea na mpira, kisha akarusha na mpira ukaingia. Goli halihesabiki, na wapinzani hawaingizi kutoka mstari wa mwisho. Wanaingiza kutoka pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru.

Kelele kubwa zaidi huja baada ya goli halali. Hapo timu iliyofungwa inaingiza kutoka popote nyuma ya mstari wa mwisho, na mchezaji anaruhusiwa kukimbia kushoto na kulia. Kwenye mipira mingine yote amefungwa mahali pamoja: pembeni hasogei zaidi ya mita moja kwa jumla, ila kurudi nyuma anaweza kadiri nafasi inavyoruhusu. Anazo sekunde tano. Kwa hiyo kabla sijampa mpira, naonyesha chini kwa kidole na kutamka kwa sauti, "Hapa hapa." Kijana akisikia hivyo hana sababu ya kukimbia, na kocha wake hana sababu ya kulalamika.

Miezi ya kusi upepo huleta mchanga hadi juu ya saruji, na mstari hauonekani. Kabla ya mchezo omba ufagio, fagia mipaka yote. Mwingizaji akikanyaga mstari wenyewe si kosa, kwa kuwa mstari wa mpaka si sehemu ya kiwanja. Kosa ni kuingia ndani akiwa bado ameshika mpira. Usipouona mstari, utaamuaje?

Halafu kuna watazamaji. Kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ngazi ya wilaya wanafunzi hukaa karibu kabisa na mstari, na nawaelewa, mchezo mtamu hutazamwa kwa karibu. Warudishe nyuma kwa upole. Ikibaki nafasi isiyofika mita mbili nje ya mstari, mchezaji yeyote, wa timu yoyote, lazima akae angalau mita moja kutoka kwa mwingizaji. Mlinzi mwambie mapema, kabla hujatoa mpira.

Vijana wanaotazama video za Marekani huniuliza kuhusu sehemu nne maalumu za kuingizia mpira kwenye nusu ya mbele. Ni kweli zipo kwenye kanuni za sekondari za huko tangu msimu wa 2023-24. Zetu si hizo.

Alama moja tunayo, na hapa kwetu huwa haijapakwa rangi: kistari cha sentimita 15, nje ya mstari wa pembeni unaotazamana na meza, mita 8.325 kutoka mstari wa mwisho, kila nusu. Hutumika baada ya faulo isiyo ya kimichezo, na dakika mbili za mwisho za robo ya nne, pale kocha mwenye mpira nusu ya nyuma anapoomba taimauti kisha akachagua kuanzia mbele. Njoo na futi ya utepe na chaki, upime mwenyewe. Wakati wa mapumziko kichore tena, maana viatu hukifuta.