Darubini ya kutazamia ndege wa ziwani: nunua uangavu, usinunue namba

Mji wa Singida una maziwa mawili ya maji ya chumvi karibu na makazi ya watu: Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, wakitua upande wa pili wa maji, mtu aliye ukingoni huona mstari wa waridi tu. Mstari huo unaweza kuwa wa heroe wadogo, ambao mdomo wao ni mwekundu uliokolea na kwa mbali huonekana mweusi. Unaweza pia kuwa wa heroe wakubwa, wenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi. Darubini ya macho mawili, inayokuza mara 8 au 10, mara nyingi haitoshi kuwatofautisha kwa umbali huo. Hapo ndipo inapohitajika darubini ya jicho moja, ile inayofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu.

Mwalimu wa klabu ya mazingira, kijana anayeongoza wageni au mpenzi wa ndege anaweza kuipata bila kutumia fedha nyingi, mradi ajue cha kutazama.

Soma namba vizuri

Maandishi kama 20-60x80 yana maana kwamba darubini inakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 80. Gawanya kipenyo kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Themanini kwa 20 ni milimita 4, nayo ni picha angavu. Themanini kwa 60 ni milimita 1.3 tu, na picha huanza kufifia. Vifaa vya mkononi vinavyotangazwa kuwa vinakuza mara 300 kwa lenzi ya milimita 40 vinabakiwa na karibu milimita 0.13. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukuonya usivinunue.

Hewa nayo ina mipaka yake. Jua likipanda, hewa iliyo juu ya ukingo wenye joto hucheza, na ukikuza zaidi ya mara 30 unakuza mchezo huo pamoja na ndege. Kwa hiyo muda mwingi utatumia kati ya mara 20 na 30, na hapo ndipo darubini inapaswa kuwa safi kabisa. Saa nzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi, jua likiwa mgongoni kwako.

Lenzi na umbo

Lenzi ya milimita 60 hadi 65 ni nyepesi na inamfaa anayetembea kwa miguu au kupanda bodaboda. Ya milimita 80 huona vizuri zaidi mwanga ukiwa hafifu, lakini ni nzito. Kwenye boksi tafuta maneno "fully multi-coated", yaani vioo vyote vimepakwa tabaka za kupunguza mng'ao, na alama ya BaK-4, aina nzuri ya kioo cha ndani. Herufi ED huashiria kioo kinachopunguza ukingo wa zambarau kuzunguka ndege mweupe, ila huongeza bei.

Chagua yenye kitundu cha kutazamia kilichoinama nyuzi 45. Stendi inaweza kukaa chini, na mtoto na mtu mzima wakapokezana bila kuipandisha na kuishusha. Ukivaa miwani, tafuta inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo.

Usisahau stendi

Singida ni mkoa wa upepo, hata umetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya umeme wa upepo. Darubini nzuri juu ya stendi ya kushikia simu haitakuonyesha kitu. Tenga sehemu ya bajeti kwa stendi nzito yenye mkono wa kuzungushia taratibu. Ukiwa kazini, usiinue nguzo ya kati, ning'iniza mkoba katikati, na jikinge nyuma ya mawe makubwa yaliyotapakaa kandokando ya mji.

Fedha yako ni kiasi gani?

Darubini za Swarovski, Zeiss na Leica ni za bei ya juu sana. Anayeanza hazihitaji; kampuni kama Celestron na Vortex huuza za bei nafuu. Fedha ikiwa kidogo mno, nunua kwanza darubini nzuri ya macho mawili ya 8x42, kisha mchangiane na wenzako kununua ya stendi. Ukiagiza nje, ulizia ushuru Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kulipa.

Ukinunua iliyotumika, mulika ndani kwa tochi: ukungu wenye nyuzinyuzi ni sababu ya kuiacha. Soma maandishi ya bango la mbali kwa mara 20, kisha kwa ukuzaji wa juu kabisa. Tazama ukingo wa bati dhidi ya anga uone kama una zambarau. Zungusha kirekebishi cha uwazi wa picha uone kama kinakwama.

Matumizi na utunzaji

Kamwe usielekeze darubini kwenye jua. Jicho linaweza kuharibika mara moja. Vumbi lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini, maana chembe za mchanga na chumvi huchuna kioo.

Faida kubwa ya chombo hiki ni kumwona ndege bila kumsogelea. Heroe akifukuzwa hupoteza muda wa kula na nguvu za kuruka. Kaa mbali, hesabu, andika tarehe, mahali na aina. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, na daftari lililoandikwa kwa uangalifu mwaka mzima humsaidia anayetaka kujua hali ya maziwa yetu.