Vipodozi vya bei nafuu vya supamaketi: nini cha kununua, nini cha kuacha

Karibu na rafu ya sabuni, supamaketi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zina sehemu ya vipodozi: lipstiki, poda, wanja wa penseli, maskara na faundesheni za chupa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya maduka makubwa ya urembo. Maswali wanayouliza wanunuzi hufanana, na anayeyajibu mara nyingi ni muuzaji mwenye mzigo wa kumaliza.

Kitu rahisi si ndicho kinachoharibu ngozi?

Si lazima. Rangi ya kahawia ya faundesheni hutokana na oksidi za chuma: nyekundu, ya njano na nyeusi. Kwenye lebo zimeandikwa CI 77491, CI 77492 na CI 77499, na utazikuta kwenye chupa ya bei ya chini na ya bei ya kutisha vilevile. Lipstiki nayo ni nta, mafuta na rangi. Mafuta hayo mara nyingi ni ya nyonyo. Hata wenye viwanda ni walewale. Kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ndiyo mmiliki wa Lancôme, inayouzwa ghali, na tangu 1996 ndiyo mmiliki wa Maybelline, inayouzwa kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2013 ilinunua pia Nice & Lovely ya Kenya.

Bei kubwa hulipia chupa nzito, manukato na matangazo. Hulipia pia mambo ya kweli: poda iliyosagwa laini zaidi, rangi inayodumu usoni kutwa, na jambo moja kubwa kuliko yote kwetu, yaani wingi wa rangi za kuchagua.

Basi wapi nibane matumizi, wapi nisibane?

Bana kwenye maskara bila kusita. Kila ukichomoa brashi na kuirudisha unaingiza vijidudu ndani ya kichupa chenye unyevunyevu, na ushauri wa kawaida ni kuitupa baada ya takriban miezi mitatu, iwe ya bei gani. Sioni sababu ya kulipia sana kitu cha kutupwa. Lipstiki, lipushaini na wanja wa penseli wa kiwandani pia vinunue vya bei nafuu. Rangi ikikukataa, hasara ni ndogo.

Faundesheni ni habari nyingine. Rafu ya supamaketi huwa na rangi tatu au nne, na iliyokoza kuliko zote mara nyingi ni ya maji ya kunde. Mwenye weusi wa kuiva huambiwa "hii itakukubali tu", kisha anatoka na uso wa kijivu na shingo ya rangi yake. Ukijivu huo una chanzo: titani dioksidi, CI 77891, unga mweupe unaotiwa ili faundesheni ifunike madoa. Ukizidi kwenye ngozi nyeusi, uso unapauka kama uliopakwa majivu. Dawa yake kiwandani ni kuongeza oksidi za chuma na kutengeneza rangi nyingi zaidi, na hilo watengenezaji wengi walikawia kulifanya. Nchini Marekani, Eunice Johnson alianzisha Fashion Fair mwaka 1973 kwa sababu wanamitindo weusi walikuwa wakichanganya rangi wenyewe ili wapate inayowafaa. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 ikiwa na rangi 40, washindani wake walilazimika kuongeza zao.

Kwa hiyo usijaribu faundesheni mgongoni mwa kiganja, maana mkono na uso havilingani rangi. Paka mstari mwembamba kwenye taya kuelekea shingoni, kisha toka nje ujitazame kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya. Subiri kama robo saa, kwa kuwa faundesheni nyingi hubadilika rangi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi. Ikiwa rafu haina rangi yako, iache. Unaweza kununua mbili, ya kukoza na ya kufifia, ukazichanganya, lakini ukipiga hesabu huenda ukakuta moja nzuri ingekutoka kwa bei hiyohiyo. Wengi wetu poda kidogo kwenye paji la uso na pua inatutosha kabisa, ingawa muuzaji hatakwambia hivyo.

Nitazame nini kwenye lebo?

Tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguka kifuniko. Ndani yake pana namba na herufi M: 6M ni miezi sita ya kutumia tangu ulipofungua, 12M ni mwaka. Tazama pia namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji na orodha ya viambato. Visipokuwepo, rudisha rafuni. Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, baada ya kazi hiyo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kenya ni shirika lake la viwango, KEBS. Usitegemee msimbo wa mistari: 620 ya Tanzania au 616 ya Kenya huonyesha namba ilisajiliwa wapi tu, haithibitishi kwamba bidhaa ni halali wala ilitengenezwa wapi.

Ukiona faundesheni au poda inayoahidi kukufanya mweupe, kuwa macho. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi ndivyo viungo vya mkorogo, na Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Zebaki huweza kuandikwa "mercurous chloride", "calomel" au "ammoniated mercury". Wengine hawaiandiki kabisa.

Na wanja?

Wanja wa penseli wa kiwandani hauna neno ukiwa na lebo kamili. Hofu yangu iko kwenye wanja wa unga usio na lebo, unaoletwa kwenye vichupa ndani ya begi la msafiri au kuuzwa sokoni. Wanja wa aina hiyo mara nyingi husagwa kutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto hupikicha macho kisha akalamba vidole. Najua bibi atasema kawapaka wanawe wote na wakakua salama. Usibishane naye; mtoto asipakwe tu.

Naweza kujaribu lipstiki ya majaribio pale dukani?

Mdomoni, hapana. Vidonda vya homa mdomoni husababishwa na virusi vinavyoweza kupita kwenye lipstiki ya wengi, na ugonjwa wa macho mekundu hupita kwenye maskara na wanja wa kuazimana. Jaribia ncha ya kidole. Rangi yake iko karibu zaidi na ya mdomo. Ukishanunua, paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ukae siku moja hadi mbili. Wanaowashwa huwa wamekataliwa na manukato au vihifadhi, na bei haihusiani na hilo.

Udhu na uhalali wa vipodozi je?

Maskara isiyopenya maji huzuia maji kufika kwenye kope, kama rangi ya kucha inavyofanya kwenye kucha, kwa hiyo chagua inayotoka kwa maji au uiondoe kwanza. Lipstiki nyekundu yenye CI 75470 ina rangi itokanayo na wadudu waliokaushwa. Hukumu yake mwulize shehe wako. Mimi nakuonyesha namba ilipo.

Nimewashwa na uso umevimba. Nifanyeje?

Osha kwa maji mengi na sabuni isiyo na manukato, kisha usipake kitu kingine juu yake, hata krimu ya jirani, kwa sababu nyingi za hizo zina steroidi. Macho yakivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja. Usitupe kopo wala boksi lake: daktari atahitaji orodha ya viambato, na TBS au KEBS watahitaji namba ya toleo ili wafuatilie mzigo uliobaki dukani.