KUJENGA ORDINATERE YA KWANZA YA MICHEZO BILA KUIUNGUZA



Tangu mwanzo wa mwaka wadogo zetu wanatuuliza: "Wakubwa, tunaweza kujenga wenyewe ordinatere ya kucheza michezo?" Tunajibu: ndiyo, inawezekana. Turnevisi moja na uvumilivu vinatosha. Lakini sisi tulianza vibaya, na somo hili linatoka katika kosa letu.

Wakati wa likizo kubwa tulikuwa wanne. Mama ya mmoja wetu, anayeuzisha sambaza sokoni Kadutu, alitupatia dola 40 tununue alimentasio, ni kusema kile kisanduku kinachopokea umeme wa prize na kuugawa kwa vyombo vyote. Tulipata moja iliyokwisha kutumika. Nyuma yake kulikuwa butoni ndogo nyekundu, imewekwa kwa 115. Hakuna aliyeiangalia. Tukachomeka. Ikalia "pwaa!", moshi ukatoka, na pesa ya mama ikaisha kwa sekunde moja.

1. Anza na umeme

Wengi wanafikiri kwanza juu ya karte grafike, sababu ndiyo inaleta picha nzuri. Hapa kwetu Bukavu, fikiri kwanza juu ya umeme. Umeme wetu ni wa volti 220. Alimentasio nyingi za zamani ziko na butoni ya kuchagua: 115 kwa inchi kama Marekani, 230 kwa inchi kama yetu. Ukiiacha kwa 115, sehemu za ndani zinapata volti karibu mara mbili ya zile zinaweza kuvumilia. Alimentasio mpya nyingi hazina butoni hiyo. Zinakubali volti 100 mpaka 240 zenyewe. Lakini usibahatishe. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni.

Kisha fanya hesabu. Prosesere Ryzen 5 5600 ni ya wati 65, na karte GTX 1650 ni ya wati 75. Jumla 140. Ongeza karibu 60 kwa vyombo vingine: 200. Je, utanunua alimentasio ya wati 200? Hapana! Acha nafasi; wati 400 za kweli zitafaa. Ukitaka karte RTX 3060, ile peke yake inakula wati 170, na watengenezaji wanashauri alimentasio ya 550.

2. Umeme ukienda na kurudi

Sisi wote tunajua: umeme unakatika, kisha unarudi bila hodi. Mara ingine unarudi na volti za juu sana. Ukikatika, chomoa fishi. Ukirudi, ngoja dakika kidogo, angalia kama taa imetulia, ndipo uchomeke. Stabilizatere inasaidia volti zisipande na kushuka sana, lakini haiwezi kushika ordinatere wakati umeme umekatika. Kazi hiyo ni ya onduleri, yenye betri ndani. Inakupatia dakika za kuzima vizuri.

Angalia pia terre. Nyumba nyingi hazina. Ukigusa chuma cha sanduku na kusikia mikono inawashwa kidogo, si uchawi: ni umeme usio na njia ya kushuka kwa udongo. Usikate mguu wa tatu wa fishi ili uingie kwa prize. Ita fundi wa umeme.

3. Mikono ya mjenzi

Wakati wa kujenga, fishi isiwe kwa prize. Kila mara gusa kwanza chuma kisicho na rangi cha sanduku, sababu mwili unabeba umeme mdogo, zaidi wakati wa kiangazi na ukivaa nguo za nailoni. Wewe husikii kitu, lakini chombo kinaweza kufa.

Shika karte kwa kando zake. Prosesere iko na alama ya pembe tatu kwa kona moja. Ipatanishe na ile ya karte-mere, kisha iache ishuke yenyewe. Usisukume. Weka mafuta ya kupitisha joto kiasi cha punje moja ya njegere, tena ukumbuke waya wa feni.

Usitumie waya za alimentasio ingine hata kama zinaingia. Mwisho wa upande mmoja unafanana, lakini upande mwingine mpangilio unaweza kuwa tofauti, na diski ikaungua.

Kabla ya kufunga vise, jaribu kuwasha vyombo juu ya katoni kavu. Vikikataa, utatafuta kosa kwa urahisi.

4. Kitu kisichofunguliwa

Siku ile ya moshi, mmoja wetu alichukua turnevisi afungue alimentasio atengeneze. Mwalimu wetu wa fizike alimshika mkono. Alitueleza kwamba ndani kuna kondensatere zinazoweza kubakia na volti zaidi ya 300, hata kama fishi imechomolewa. Dola 40 zinaweza kutafutwa tena. Mtoto wa mtu hatafutwi tena. Alimentasio ikikufa, usiifungue.

Kitu kimoja kinabaki. Tulimwambia yule mama kwamba umeme wa mji ndio umeunguza. Haikuwa kweli. Butoni tuliiacha sisi. Baada ya majuma mawili tulirudi kwake, sisi wanne, tukamwambia. Alinyamaza, kisha akasema: "Sasa mtaangalia." Tulimlipa kidogo kidogo, na leo ordinatere inatembea.

Maulizo:
1. Kwa nini butoni ya 115 ni hatari kwetu?
2. Stabilizatere na onduleri vinatofautiana namna gani?
3. Karte ya wati 170 na prosesere ya wati 65, pamoja na wati 60 za vyombo vingine: jumla ni ngapi, na utanunua alimentasio gani?