Sarufi ya Amri: -ki-, -sipo- na -vyo- katika Hati za Sheli

1.0 Utangulizi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinamudu istilahi za kompyuta. Makala hii inashughulikia sarufi. Tunadai kwamba ugumu wa kuandika hati ya sheli hauko katika amri moja moja, bali katika uhusiano wa amri hizo, na kwamba kitenzi cha Kiswahili hubainisha uhusiano huo. Nchini Tanzania sheli ni kituo cha mafuta. Hapa ni programu ipokeayo amri zilizoandikwa, kama Bash ya mwaka 1989.

2.0 Maagizo ya Ufukweni

Tuchukue maagizo anayoweza kupewa mtu anayelinda dagaa walioanikwa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Mwanza:

(1) Mvua ikinyesha, waanue.
(2) Isiponyesha, wageuze.
(3) Vyovyote itakavyokuwa, jioni wafunike.

Katika sheli, alama && hufanya kazi ya -ki- na alama || kazi ya -sipo-, ila sharti daima ni kufaulu au kushindwa kwa amri iliyotangulia. Nukta-mkato hufuatanisha tu, bila kujali matokeo. Agizo la (3) hutekelezwa na amri trap.

3.0 Uchambuzi wa Hati

Mcheza gemu wa Mwanza atumiaye Linux anaweza kuiamuru prosesa ikimbie kwa kasi ya juu kabla ya mchezo. Akiamuru kwa mkono na kusahau kurejesha, prosesa huendelea kukimbia, joto huongezeka na uniti za LUKU huisha upesi. Hati ifuatayo inahusu kiini kimoja tu cha prosesa:

faili=/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor
zamani=$(cat "$faili")
trap 'echo "$zamani" | sudo tee "$faili"' EXIT
echo performance | sudo tee "$faili" && ./mchezo

Mstari wa pili hutunza hali ya awali. Wa tatu huahidi kuirejesha. Wa nne hubadili hali hiyo, na badiliko likifaulu, huanzisha mchezo. Mpangilio huu ni wa lazima: hali ikibadilishwa kabla ya kutunzwa, hakuna cha kurejesha. Umeme ukikatika, badiliko hujifuta lenyewe. Hatari iko pale mchezo uangukapo huku kompyuta ingali ikiwaka, na hapo ndipo trap inapohitajika. Programu ya GameMode, iliyotolewa na Feral Interactive mwaka 2018, hufuata kanuni hiyohiyo ya kubadili na kurejesha.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza mwanafunzi aandike kwanza maagizo yake kwa Kiswahili, kisha ayageuze kuwa hati. Maagizo yasiyo na sentensi ya aina ya (3) hayajakamilika, hata kama kila amri iliyomo ni sahihi.