Isukuti na Swali la "Wewe ni Mtoto wa Nani?"

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii nimeitumia katika insha nyingi na kila mara mwalimu akanipa alama ya vema. Lakini, mpenzi msomaji, maana yake sikuijua mpaka siku ya mazishi ya babu yangu huko Shinyalu, Kakamega. Katika makala haya nataka tujifunze machache kuhusu ngoma ya isukuti, kisha niwasimulie jinsi ilivyonifunza.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, ngoma ni ala inayopigwa, tena ni mchezo unaochezwa, na pia ni shughuli nzima. Ndiyo maana twasema "anapiga ngoma", "anacheza ngoma" na "leo kuna ngoma". Isukuti ni vivyo hivyo, kwani jina la ala ndilo jina la mchezo. Wazee wetu hawakuona haja ya kutenga mlio, wimbo na mwili.

Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, ambao ni jamii mbili za Waluhya. Ngoma zake huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Huitwa baba, mama na mtoto. Kila moja ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, kisha likawambwa ngozi ya kenge upande mmoja. Mpigaji huitundika begani kwa ukanda na kuipiga kwa viganja. Pamoja nazo hupulizwa pembe ya swara na kutikiswa manyanga ya chuma. Kiongozi huanzisha wimbo na wenzake huitikia. Wanaume huwa na safu yao na wanawake yao, mabega yakitikisika na miguu ikienda mbio mbio na mdundo.

Isukuti huchezwa lini? Mtoto akizaliwa, vijana wakitiwa jandoni, arusini, mazishini, na hata kwenye michezo. Nani hajawasikia mashabiki wa AFC Leopards, timu iliyoanzishwa mwaka wa 1964, wakiitwanga uwanjani? Kwa hivyo ukiulizwa katika mtihani kama wimbo wa isukuti ni wa nyiso, wa harusi au ni mbolezi, usikimbilie kujibu. Tazama kwanza muktadha: unaimbwa wapi, na kwa sababu gani?

Jambo la mwisho la darasani ni hadhira. Tumefundishwa kuwa kuna hadhira tuli, inayotazama na kusikiliza tu, na hadhira tendi, inayoshiriki kwa kuitikia, kupiga makofi na kucheza. Isukuti hutaka hadhira tendi. Hapo ndipo mimi nilipoaibika.

Nimezaliwa na kulelewa Nairobi. Lugha ya kwetu naisikia kidogo, lakini kuijibu ndiyo taabu. Siku hiyo ngoma zilipoingia uani kwa babu, binamu zangu wote waliingia kucheza, hata wale wa shule ya msingi. Mimi nikasimama kando ya hema, mikono mfukoni, kama dereva aliyewaleta waombolezaji. Mzee mmoja akanisogelea.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

"Mzee, mimi ni mjukuu wa marehemu."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Mjukuu? Na mbona babu yako anasindikizwa na watoto wa wengine?"

Wee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni nikamwuliza nyanya yule kiongozi alikuwa anaimba nini. Nyanya akanieleza pole pole kwamba alikuwa akimtaja babu, baba yake babu, kisha wanawe mmoja mmoja, jina la baba yangu likiwamo. Kumbe nilikuwa nimeitwa mbele ya watu, na sikuitika!

Niliporudi shuleni nilijiunga na kikundi kilichokuwa kikijiandaa kwa Tamasha za Muziki. Mwalimu akanikabidhi ile ndogo, mtoto. Nilidhani ni kazi rahisi. Wiki ya kwanza viganja vilivimba hata kalamu ikawa shida kushika. Tena nilikuwa naharakisha. Mwalimu akawa ananikatiza: "Wacha kusikiliza mkono wako. Msikilize mama." Nilipoanza kumsikiliza aliyepiga ile ya kati, mkono wangu ukapata mahali pake. Kabla ya hapo nilikuwa napiga kelele tu.

Hapa niwajibu wale wasemao ati kushika ngoma za kwetu ni kuleta ukabila shuleni. Katika kikundi chetu aliyepiga mama alikuwa Mkamba, na mpuliza pembe alitoka Lamu. Hakuna aliyegeuka Mwisukha. Badala yake, yule Mkamba alipokwenda likizo alimwuliza nyanyake habari za kilumi, ngoma ya kwao ambayo hakuwa ameijali kamwe. Anayeijua ngoma ya kwao huiheshimu ya jirani, kwa maana anajua jasho lililomo.

Wengine husema ngoma hizi zitakuwapo tu, hazina haraka. Si kweli. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee wasio na warithi, vifaa vya kutengenezea ala ni adimu, na watazamaji wanapendelea burudani za kisasa. Warithi wanaokosekana ni akina nani, kama si mimi na wewe?

Mwaka uliofuata tulifanya ukumbusho wa babu, nami nikaomba kushika ngoma ndogo. Nilikosea mara mbili, aliyeshika kubwa akanikazia macho, nikarudi kwenye mdundo. Jina la baba lilipotajwa niliitikia pamoja na binamu zangu. Yule mzee alikuwapo. Safari hii hakuniuliza kitu.

Wanachama wenzangu, likizo hii msirudi mikono mitupu. Ulizeni mngali na wa kuuliza.

ZOEZI
1. Eleza maana tatu za neno "ngoma" na utunge sentensi moja kwa kila maana.
2. Tofautisha hadhira tuli na hadhira tendi ukitumia mfano wa ngoma ya kwenu.
3. Mwombe mzee wa jamaa yako akufundishe wimbo mmoja. Andika unaimbwa lini, nani huuanzisha, na ni nani anayetajwa ndani yake.